Stelingi inatetemeka ukifika 80? Pima miguu ya gari kabla hujapeleka hela dukani

Msimu mmoja wa korosho nilikuwa natoka Mtwara mjini napanda Tandahimba na Toyota IST yangu karibu kila wiki. Enzi hizo lami ilikuwa inaishia Mnivata, ukivuka hapo ni vumbi na ile mikunjo ya barabara inayogonga gari trrrrr mpaka kioo cha ndani kinashuka chenyewe. Msimu ukaisha, nikabaki na gari ambayo ikishika 85 kwenye lami stelingi inacheza mikononi kama nimeshika mashine ya kukoboa. Nikaenda gereji moja mjini, siitaji, jamaa hata jeki hakupiga, kaangalia tairi kwa macho akasema "kaka, tairi zimekwisha hizi". Nikanunua mbili, zikafanyiwa balansi (kusawazisha uzito wa tairi na rimu kwa vyuma vidogo), ikatulia wiki tatu afu ikarudi. Nikarudi kulalamika nikaambiwa ni stablaiza linki, ile fito fupi inayoshika nondo ya kuzuia gari kulala kwenye kona, nikanunua linki, ile kelele ndogo ya kok kok ikaisha kweli ila mtetemo uko palepale. Mwisho nikamwangukia fundi mmoja mzee anayefanyia kazi chini ya mwembe kule Magomeni ya hapahapa Mtwara. Akaniambia, "Mwanangu, spea umeshanunua za kutosha, sasa lete gari tuipime." Akapiga jeki, akachomeka mtaimbo pale mkono wa chini (kile chuma kinachounganisha gurudumu na bodi) unapokaa kwenye bushi ya nyuma, ule mpira wenye chuma katikati, akausukuma taratibu, mimi nimeshika tochi ya simu, nikaona kabisa mpira umeachana na chuma, unafunguka na kufumba kama mdomo wa changu aliyetoka kuvuliwa.

Kitu alichonielewesha siku hiyo ndo kimenifanya niandike hapa. Bushi iliyochanika haitikisi gari. Chuma kimetulia tu pale, kitatikisaje? Anayetikisa ni kitu kinachozunguka, tairi, rimu, diski ya breki, shafti inayozungusha tairi. Hakuna tairi duniani iliyo sawa kwa asilimia mia, kila moja ina kauzito kadogo kamezidi upande mmoja, na bushi nzima na boljointi nzima (kile kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachoshika mkono wa chini na gurudumu) zinakameza hako katikisiko kabla hakajafika mikononi kwako. Miguu, yaani hizo bushi, boljointi na wenzake wanaoshika gurudumu, ikilegea kila kitu kinapita. Ndo maana nilipofanya balansi mpya gari ilitulia wiki tatu, balansi ikapungua kidogo tu mtetemo ukarudi, kwa sababu mlango ulikuwa bado wazi. Kwa hiyo kuna maswali mawili, nani anatikisa na nani kaacha mlango wazi, na ukijibu moja tu utarudi gereji.

Anza na kuosha. Sicheki. Ukitoka Newala au Nachingwea kipindi cha mvua udongo unaingia ndani ya rimu, ule upande usioonekana, unakauka kama tofali. Bonge moja la ukubwa wa ngumi linatosha kabisa kuitikisa gari kwenye lami, na nimeshaona mtu anataka kununua shokapu nne kumbe ni tope. Pitisha maji ya presha kwa ndani, au toa tairi ukwangue kwa kijiti. Na tairi ikiwa chini, angalia ule uso wa habu ambapo rimu inakaa. Sisi tunaoishi karibu na bahari, Shangani, Mikindani, Lindi mjini pale ufukweni, kutu inatuandama, inajijenga kati ya rimu na habu mpaka rimu haikai sawa, inakaa imeinama kidogo sana, nati zote zimekaza lakini tairi inazunguka kama chapati iliyokosewa. Sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, pande zote mbili, habu na rimu. Nati unazirudisha kwa kuvuka, yaani unakaza moja afu ya mkabala wake, usizunguke kwa mfuatano. Kwa Toyota ndogo kama IST au Vitz kipimo ni 103 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) ukiwa na spana ya kupimia, kama huna basi nguvu ya mkono kwenye spana ya kawaida, sio kupanda na mguu ukarukaruka juu yake.

Zungusha na tairi kwa mkono uitazame. Kama ina nundu pembeni, au ule uso unaokanyaga barabara unapanda na kushuka inavyozunguka, hiyo nyuzi za ndani zimekatika, hamna balansi itakayoiponya, itoe leo hii kwa sababu hiyo inapasuka.

Sasa ingia barabarani, na hapa uwe na masikio kuliko haraka. Tafuta kipande cha lami iliyonyooka kisicho na viraka, sehemu isiyo ya makazi, maana vijijini kibao cha spidi ni 50 na trafiki wapo, na nenda na mtu pembeni ili wewe usiandike huku unaendesha. Cha kwanza, mtetemo unaanza spidi ngapi na unaisha spidi ngapi. Ule unaoanza kama 80, ukakolea 95 au 100, afu ukapungua ukiendelea kuongeza, huo mara nyingi ni balansi ya tairi au rimu iliyopinda. Cha pili unausikia wapi, mikononi au makalioni, mikononi maana yake mbele, kwenye siti na sakafu maana yake nyuma. Cha tatu, na hiki watu wengi hawakiangalii, je unakuwepo muda wote ukiwa spidi hiyo, au unaamshwa? Kama gari imetulia afu ukapita kwenye kishimo au ile mistari ya rasta kabla ya tuta, stelingi ikaanza kucheza na haiachi mpaka upunguze mwendo, hapo kuna kitu kimelegea, karibu naapa. Tairi mbovu haisubiri kuamshwa, inatikisa hata kwenye lami kama kioo.

Ukiwa bado kwenye spidi hiyo achia mafuta, tia gia N kwa sekunde chache, injini iache iwake usije ukaizima, ukizima stelingi inakuwa nzito na breki zinakuwa ngumu. Mtetemo ukibaki vilevile basi unatoka kwenye magurudumu. Ukipotea ukiwa N na kurudi ukikanyaga mafuta, achana na miguu, nenda kwenye sivijointi za ndani (viungo vya shafti inayozungusha tairi) na mauntingi za injini (mipira inayoishikilia), na kwa zile gari za kusukuma nyuma, propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma. Ukitetemeka pale tu unaposhika breki ni diski, ingawa bushi ikiwa imekufa diski yenye kasoro ndogo inaonekana kama ni janga.

Kabla ya jeki kuna kipimo cha bure kabisa, mimi nakipenda kuliko vyote. Hamisha tairi, za mbele peleka nyuma, za nyuma leta mbele, upande uleule, afu rudi kwenye kipande kilekile cha barabara kwa spidi ileile. Kama mtetemo umehama kutoka mikononi ukaenda kwenye siti, tairi au rimu ndo mtikisaji, umeshamkamata. Kama umebaki mikononi vilevile na tairi tofauti, tairi zako hazina kosa, mbele kuna kitu. Na kama umepungua lakini haujaisha, una vyote viwili, pole. Ningekijua hiki mapema zile tairi mbili nisingenunua.

Haya, jeki. Huku kwetu chini ni mchanga, jeki inazama taratibu huku wewe umeingiza kichwa, kwa hiyo weka ubao mpana chini yake, ziba tairi za nyuma kwa mawe, na chini ya bodi weka stendi, huna stendi basi laza tairi la spea chini ya chesisi karibu na unapofanyia kazi. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake hata kama ni dakika moja.

Gari ikiwa juu shika tairi mkono mmoja juu kabisa na mwingine chini kabisa, huu wa juu vuta, wa chini sukuma, afu geuza. Inatakiwa iwe ngumu kabisa. Ukisikia tok, kuna plei, yaani kitu kimelegea kinacheza, na hapo kuna washukiwa wawili, beringi na boljointi. Kuwatofautisha mwambie mtu akanyage breki aishikilie, wewe tikisa tena. Breki imeifunga diski na miguu, kwa hiyo beringi haina tena nafasi ya kucheza, tok ikipotea ni beringi, tok ikibaki ni boljointi au kitu kingine cha miguu. Beringi ina dalili zake nyingine pia, inavuma wuuuuu ukiwa barabarani na mvumo unapanda na spidi, ukikata kona ya kulia uzito unaenda kushoto, kwa hiyo mvumo ukizidi kulia mshuku wa kushoto. Ukiizungusha tairi kwa mkono huku mkono mwingine umegusa springi utasikia kama inasaga mchanga.

Boljointi usiimalize kwa kutikisa tu. Kwa gari nyingi ndogo, hizi zenye shokapu imesimama ndani ya springi, ukiinua bodi jointi inaning'inia haina mzigo, hapo weka mtaimbo chini ya tairi, unyanyue taratibu juu chini juu chini, huku mwenzako anatazama pale jointi inapoingia kwenye nako, kile chuma kinachobeba habu. Chuma kikipanda bila mwenzake kupanda imekwisha. Lakini gari ambazo springi imekalia mkono wa chini, jeki unaiweka chini ya mkono wenyewe karibu na jointi, sio chini ya bodi, vinginevyo springi inaikandamiza jointi inabana na mbovu inaonekana nzima. Wengi wanapitwa hapo. Angalia na kile kimpira kinachofunika girisi, kikipasuka vumbi letu jekundu linaingia na girisi inageuka kuwa kama sandpepa, jointi haina muda mrefu hata kama leo bado imekaza. Na boljointi yenye plei ya kuonekana kwa macho usiendeshe mpaka Lindi ukasema utabadilisha ukirudi. Ikichomoka tairi inalala chini ya gari, unabaki na stelingi ambayo haina kazi.

Kisha shika tairi ileile kushoto na kulia, sukuma kama unaikata kona. Tok ya hapa mara nyingi ni tairodi, ile fito inayogeuza tairi ukikata stelingi, ya nje au ile ya ndani inayoingia kwenye reki (mashine ya stelingi). Lakini kipimo kizuri zaidi cha tairodi ni gari ikiwa chini, imekanyaga ardhi kwa uzito wake. Mtu akae ndani atikise stelingi kidogo tu, kushoto kulia, kama vidole viwili hivi, sio kuzungusha, wewe chini umeweka kidole kwenye kiungo cha tairodi. Kidole kinasikia kabla jicho halijaona. Ya ndani imefichwa na lile buti la mpira lenye mikunjo, libane kwa mkono usikie ndani yake.

Bushi ndo mchawi mwenyewe, na ndo anayetuua sana huku kwa sababu ya barabara za vumbi. Hana kelele kubwa na ukitikisa tairi haonekani. Mkono wa chini una bushi mbili, ya mbele na ya nyuma, na ile ya nyuma ndo kubwa, ndo inayopokea kila unapoangukia kishimo na kila unaposhika breki. Chukua tochi, tafuta mpira uliochanika, uliotoka nje kama ulimi, au uliolowa mafuta ya injini, maana oili inauoza. Nyufa ndogo za juu juu zisikutishe, mpira wa zamani una nyufa. Unachotafuta ni mpira ulioachana na chuma. Chomeka mtaimbo, sukuma mkono mbele na nyuma taratibu usije ukachana hata kilicho kizima, bushi nzima inajongea kidogo na kurudi, iliyokufa inaenda mpaka chuma kinagusa chuma. Njia nyingine bila mtaimbo, mtu aendeshe mbele nusu mita ashike breki, arudi nyuma nusu mita ashike breki, wewe simama pembeni kwa usalama utazame tairi ndani ya uwazi wa bodi. Ikiruka nyuma na mbele kwa kuonekana, na kuna mlio wa dup, huna haja ya kuuliza tena.

Shokapu kila mtu anajua kile kipimo cha kukandamiza kona ya gari na kuachia, ikipanda na kutulia nzuri, ikicheza mara mbili tatu mbovu. Kweli, lakini kinakamata ile iliyokufa kabisa tu. Tembeza kiganja juu ya uso wa tairi kuuzunguka wote, ukisikia vilima na mabonde, kama ngazi ngazi, basi tairi imekuwa ikidunda barabarani badala ya kukanyaga, na tairi ikishakula hivyo itavuma hata ukiweka shokapu mpya. Angalia na mwili wa shokapu, unyevunyevu wa vumbi tu ni kawaida, oili inayotiririka sio kawaida. Mwaka 2024 mwezi wa tano kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua barabara ya Dar ikakatika maeneo ya Somanga, kwa waliopita baadaye kwenye vifusi na mawe hili ndo la kwanza kuangalia.

Stablaiza linki sina maneno mengi. Inagonga kok kok kwenye vishimo vidogo, inaudhi, ila haitikisi stelingi kwa spidi. Fundi akikwambia mtetemo wa 90 ni linki muulize amepimaje.

Ukishajua ni nini, nunua hicho tu. Boljointi na bushi ni vizuri kubadilisha kushoto na kulia pamoja maana zimepita barabara moja, lakini sio lazima ubebe miguu yote. Gari nyingine boljointi au bushi haiuzwi peke yake, unauziwa mkono mzima, uliza kabla hujafungua. Spea za mtumba mimi kwenye bushi na boljointi sizigusi, mpira wa miaka kumi na tano umeshazeeka hata kama gari yake haikutembea. Mkono wenyewe wa chuma wa mtumba, kama haujapinda, hauna shida, unaweka bushi mpya.

Na wakati wa kufunga kuna jambo moja ambalo limeua bushi mpya nyingi, mafundi vijana hawalifuati kwa sababu ya haraka. Bolti za bushi za mkono wa chini usizikaze za mwisho gari ikiwa inaning'inia juu ya jeki. Ule mpira umeshikana na kile kibomba cha katikati, hauzunguki kama beringi, unajikunja tu. Ukikaza mkono ukiwa umening'inia chini, ukishusha gari mpira unabaki umejinyonga muda wote, usiku na mchana, hata ukiwa umelala, na miezi michache tu umechanika. Funga bolti kwa kushikiza, shusha gari ikanyage ardhi, itikise itikise ikae, ndo uingie ukaze. Ni usumbufu kwa sababu huku chini nafasi ni finyu, kama hamna shimo basi weka jeki chini ya mkono uinyanyue mpaka urefu uwe kama gari imekaa chini. Yule mzee wa Magomeni alinifanyia hivyo, akatandika gunia mchangani akaingia ubavu ubavu huku analalamikia kiuno.

Tairodi ukiibadilisha hesabu mizunguko wakati wa kuitoa, ya zamani ikitoka kwa mizunguko 14 na mpya iingie 14, hapo gari itakufikisha kwenye mashine ya alaimenti (ya kunyoosha tairi zielekee sawa) bila kula tairi njiani. Alaimenti baada ya kugusa tairodi, boljointi au mkono ni lazima, ila usiipeleke kabla ya kubadilisha vilivyolegea, utakuwa umepima nyumba ambayo kuta zake zinatembea. Balansi fanya siku hiyohiyo, tairi zote nne, rimu zikiwa zimeoshwa ndani.

Afu rudi kwenye kipande kilekile cha lami ulichojaribia mwanzo, spidi ileile, mtu yuleyule pembeni. Ya kwangu tulipofika 85 nikakaza mikono kwa mazoea tu, 90, 95, jamaa akaniuliza mbona umenuna. Nikamwambia nasikiliza. Kesho yake nilikuwa na safari ya Lindi, nikasimama Mnazi Mmoja kunywa chai, na kabla ya chai nikatoa spana nikazipitia nati zote za tairi upya, mbili zilikubali robo mzunguko, kwa hiyo na wewe ukishatembea kama kilometa 50 mpaka 100 tangu tairi zifungwe, simama uzipitie.